Askari wa Polandi kwenye Skrini: Kwa Nini Sare Moja Haitoshi

Mchoraji anayepewa kazi ya kuchora askari wa Polandi kwa ajili ya mchezo wa mkakati wa Vita Kuu ya Pili huanza, mara nyingi, kwa kutafuta picha moja nzuri ya kuiga, na kosa la kwanza huzaliwa hapo. Kati ya Septemba 1939 na Mei 1945 watu waliopigana chini ya bendera nyeupe na nyekundu walivaa sare za Kipolandi, za Kifaransa, za Kiingereza na za Kisovieti, na katika mitaa ya Warsaw mwaka 1944 wengine walivaa hata makoti ya adui yao. Kwa hiyo swali la kwamba askari huyo alivaa nini halijibiki mpaka litanguliwe na mengine matatu: ni tarehe gani, ni wapi, na ni katika kikosi kipi. Mchezo unaomweka mtu mmoja yule yule katika uwanja wa mwaka 1939, katika jangwa la Libya na katika milima ya Italia umekwisha kupotosha historia kabla mchezaji hajatoa amri yake ya kwanza.

Anayesoma kuhusu vifaa vya jeshi hilo hukutana upesi na herufi mbili, wz., ambazo ni kifupi cha neno la Kipolandi lenye maana ya kielelezo. Kofia ya chuma wz. 31 ni ile ambayo kielelezo chake kiliidhinishwa mwaka 1931. Ndivyo ilivyo kwa bunduki wz. 29, kitara wz. 34 na koti la sare wz. 36. Namba hiyo yatupa mwaka wa idhini, lakini haituambii siku ambayo askari alikipokea kifaa chake ghalani, na tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo inayowaangusha wachoraji wengi. Polandi ilikuwa imerudi katika ramani mwaka 1918, baada ya zaidi ya karne moja ya kugawanywa kati ya himaya tatu, na jeshi lake jipya lilianza na mchanganyiko wa vifaa vya Kifaransa, Kijerumani, Kiaustria na Kirusi ambavyo nchi isiyo tajiri haikuweza kuvitupa kwa mkupuo. Mchoraji anayewavika wote kielelezo kipya kuliko vyote huwa amechora kitabu cha kanuni, hajachora jeshi lenyewe.

Tuanze na askari wa miguu wa Septemba 1939, kwa kuwa ndiye anayehitajika zaidi. Alivaa koti la sufu la rangi ya kaki, lenye kola ya kulala, na kwenye kila ncha ya kola palishonwa kiraka cha buluu iliyokoza chenye ukingo wa manjano, rangi za askari wa miguu, pamoja na urembo wa uzi wa fedha uliopindapinda ambao Wapolandi huuita nyoka mdogo. Cheo chake kilisomeka mabegani: tepe kwa koplo na sajini, nyota kwa maofisa. Kiunoni alifunga mkanda wa ngozi wenye mifuko ya risasi, mgongoni alibeba shanta, na miguuni alivaa buti fupi zilizoungwa na tepe ndefu za kitambaa zilizozungushwa kwenye muundi. Palikuwapo pia vazi la kitani la majira ya joto, ambalo lilipauka upesi kwa jua na kufuliwa, hivyo kundi lenye wanaume kumi waliovaa kaki ya aina moja kabisa lina usafi wa kiwandani ambao vita havikuuacha uwepo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya maelezo hayo haitaonekana. Michezo mingi ya mkakati humwonyesha askari kutoka juu, kwa pembe ya mshazari, akiwa na kimo cha pikseli chache. Katika ukubwa huo kiraka cha kola hutoweka, suruali huwa mstari mmoja na uso huwa nukta. Kinachobaki ni utosi, mabega, mgongo na umbo la silaha. Ndiyo maana ninaamini kwamba muda mwingi wa utafiti unapaswa kutumika kichwani mwa askari, na kwamba vichwa vya vita hivyo vichunguzwe kutoka juu, upande ambao wapiga picha wa zamani hawakuupiga sana.

Ukivitazama hivyo, mambo yanakuwa wazi ajabu. Kofia ya chuma ya Adrian, ya Ufaransa, ina kishungi kinachopita utosini kama kilemba cha jogoo, na kishungi hicho hushika mwanga na kutoa mstari mwembamba kutoka mbele hadi kisogoni. Kofia ya Uingereza ni duara pana, mithili ya sahani iliyofudikizwa. Ile ya Ujerumani hushuka kwa ghafla kufunika masikio na shingo. Kofia ya Polandi wz. 31 ni bakuli laini lenye kingo fupi zinazopanuka kidogo tu, bila kishungi chochote, na ilipakwa rangi yenye chembechembe, isiyong'aa, iliyojulikana kwa jina la salamandra. Mchoraji anayeiwekea doa jeupe la mng'ao, kama tunavyozoea kuweka kwenye kila kitu cha chuma, anaifuta sifa ambayo watengenezaji wake waliifanyia kazi kwa makusudi. Anayeichora tai ubavuni anakosea pia, kwa kuwa kofia hizo za mwaka 1939 kwa kawaida hazikuwa na nembo; tai waliochorwa kwenye kofia za chuma ni wa majeshi ya baadaye.

Zawadi kubwa kwa mchoraji ni rogatywka, kofia ya kitambaa yenye pembe nne. Kutoka juu inaonekana kama mraba, na hakuna jeshi jingine kubwa la mwaka 1939 lililowapa askari wake kofia inayotoa umbo hilo. Mraba wa pikseli nne kwa nne humtambulisha Mpolandi upesi kuliko bendera inayopepea juu ya kikosi. Ikiwa mchezo unaruhusu sura mbili za askari yule yule, moja ya mapigano na moja ya mapumziko au maandamano, basi kofia ya chuma iwekwe katika ile ya kwanza na rogatywka laini, ya kielelezo cha 1937, katika ile ya pili.

Silaha nazo husomeka kwa urefu. Bunduki wz. 29, iliyofuata mtindo wa Mauser wa milimita 7.92, ilikuwa na urefu wa takriban sentimita 110, ilhali bunduki nyingine iliyokuwa ndefu zaidi yake, wz. 98a, ilifika sentimita 125. Tofauti hiyo ni ndogo sana kwenye skrini, lakini bunduki ya kupigia vifaru wz. 35, iliyopewa jina la Ur, ilikuwa na urefu wa takriban sentimita 176, yaani kimo cha mtu mzima. Ilifichwa kwa siri kubwa hadi majira ya joto ya mwaka 1939, na vikosi vingi viliiona kwa mara ya kwanza vita vikiwa mlangoni. Mchoraji akiifupisha ili itoshee ndani ya fremu, anamnyima mchezaji njia pekee ya kutambua ni askari yupi anayeweza kutoboa deraya. Bunduki nyepesi ya rashasha wz. 28 nayo huonewa sana, kwa maana ilitokana na mtindo wa Browning wa Marekani, na watu huchukua umbo la Kimarekani lililopo tayari na kuliita la Kipolandi, wakisahau kwamba ile ya Polandi ilikuwa na mpini kama wa bastola chini ya kifyatulio. Kuhusu bastola-rashasha zinazogawiwa ovyo katika michezo, jambo ni fupi: Polandi ya 1939 ilikuwa nazo chache mno, na kikosi kizima kilichojaa silaha hizo hakikuwapo.

Jambo linaloumiza zaidi katika michoro ya jeshi hili ni wapanda farasi. Picha iliyoenea duniani ni ya ulani, yaani mpanda farasi wa Kipolandi, anayeshambulia kifaru kwa mkuki, na michezo mingi imeigeuza picha hiyo kuwa kikosi cha kuchaguliwa kwenye menyu. Chanzo chake kinajulikana. Jioni ya tarehe 1 Septemba 1939, karibu na kijiji cha Krojanty, rejimenti ya 18 ya maulani wa Pomerania iliwavamia askari wa miguu wa Kijerumani waliokuwa wazi, na ikafaulu kuwatawanya kabla magari ya deraya hayajatokea na kuwamiminia risasi za rashasha. Kanali Kazimierz Mastalerz, kamanda wao, aliuawa. Waandishi wa habari walioletwa baadaye waliona maiti za watu na farasi, na vifaru vilivyokuwa vimefika kwa wakati huo, wakaunganisha vitu viwili ambavyo havikukutana. Propaganda ikaibeba hadithi hiyo, na tangu hapo watu waliokufa wakiwa na akili timamu wamekuwa wakichorwa kama wajinga.

Kuna tukio la siku ile ile linalotupa mchoro sahihi zaidi. Huko Mokra, Brigedi ya Wapanda Farasi ya Wołyń ilipambana na Divisheni ya 4 ya vifaru vya Ujerumani, na ilifanya hivyo ikiwa imeshuka farasini, kwa mizinga ya Bofors ya milimita 37, kwa bunduki za Ur na kwa msaada wa treni ya deraya iliyoitwa Śmiały. Farasi walikuwa chombo cha kufika upesi mahali pa vita, nao walipofika, baadhi ya askari walibaki nyuma kuwashika huku wenzao wakichimba mahandaki na kulenga. Mkuki ulikuwa umekwisha kuondolewa katika silaha za kawaida za vita mwaka 1934. Kitara kilibaki, mara nyingi kikiwa kimefungwa kwenye tandiko. Polandi iliingia vitani ikiwa na brigedi 11 za wapanda farasi, na wengi wao bado walivaa kofia ya Adrian yenye kishungi. Kwa mbunifu wa mchezo haya ni maagizo kamili: kikosi kiwe na umbo la mwendo, mtu akiwa juu ya farasi na bunduki mgongoni, na umbo la mapigano, mtu akiwa amelala chini kando ya mzinga wake, na farasi waonekane nyuma ya mstari. Inagharimu michoro mingi zaidi, najua, kwa maana kila mwelekeo na kila hatua huhitaji fremu yake. Lakini gharama hiyo ndiyo bei ya kuacha kurudia uongo.

Sheria zote hizo zina kikosi kinachozivunja. Brigedi ya 10 ya wapanda farasi wenye magari, chini ya Kanali Stanisław Maczek, ilivaa makoti meusi ya ngozi na kofia za chuma za Kijerumani za mtindo wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwa weusi huo ikapata jina la Brigedi Nyeusi. Mchoraji makini asiyeijua habari hii anaweza kuiona picha yao ya kweli, akadhani ni Wajerumani, akaitupa. Na mchoraji mzembe anaweza kuitumia kama ushahidi kwamba Wapolandi wote walivaa kofia za Kijerumani. Kikosi hiki kinafaa kuwa na mchoro wake wa peke yake, tena wenye jina lake.

Baada ya tarehe 17 Septemba 1939, Wasovieti walipoingia kutoka mashariki na nchi ikaanguka, sare ya Kipolandi ilikoma kuwa vazi la jeshi zima, na kazi ya kumtambulisha Mpolandi ikahamia kwenye vitu vidogo. Brigedi ya nyanda za juu za Podhale ilipelekwa Narvik, Norwe, mwaka 1940 ikiwa na vifaa vya Kifaransa. Brigedi ya Karpati iliilinda Tobruk mwaka 1941 kwa kaptula na kofia bapa za Kiingereza. Wale waliotoka katika kambi na magereza ya Umoja wa Kisovieti pamoja na Jenerali Władysław Anders walivuka hadi Irani mwaka 1942, wakapewa sare za Uingereza, na miaka miwili baadaye wakapanda Monte Cassino. Pamoja nao walitoka maelfu ya wanawake na watoto, na sehemu ya watu hao ilifikishwa Afrika Mashariki: Masindi na Koja nchini Uganda, na Tengeru karibu na Arusha, ambako walikaa takriban watu 5,000 na ambako makaburi yao yangalipo. Barua zilizosafiri kati ya Tengeru na Italia zilikuwa za baba, waume na kaka wa watu wale wale tunaowachora.

Ukimtazama askari wa Anders kutoka mbali, ni Mwingereza mtupu. Ukimsogelea, begani ana neno POLAND kwa herufi nyeupe juu ya nyekundu, na mkononi ana beji: nguva wa Warsaw mwenye upanga na ngao kwa Kikosi cha Pili kizima, yaani jeshi la Anders, mti wa kijani kwa Divisheni ya 3 ya Karpati, nyati wa misitu ya Ulaya kwa Divisheni ya 5 ya Kresowa. Askari wa miavuli wa Jenerali Stanisław Sosabowski, walioshuka Driel, Uholanzi, mnamo Septemba 1944 wakati wa vita vya Arnhem, walivaa bereti ya kijivu pale ambapo wenzao wa Kiingereza walivaa nyekundu ya damu ya mzee; kwenye skrini, rangi hiyo moja inatosha kabisa. Kwa wengine, ambao beji zao haziwezi kuonekana kwa ukubwa wa kawaida, suluhisho langu ni picha ya uso inayofunguka mchezaji anapochagua kikosi, kwa kuwa pale pana nafasi ya kumchora nguva vizuri, kola vizuri, na tai.

Tai mwenyewe anahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Jeshi la 1939 na majeshi ya Magharibi yalivaa tai mwenye taji. Divisheni ya Tadeusz Kościuszko, iliyoundwa huko Sielce kando ya mto Oka mwaka 1943 chini ya ulezi wa Stalin na kupigana Lenino mwezi Oktoba mwaka huo, ilipewa tai asiye na taji, wa mtindo wa wafalme wa kale wa ukoo wa Piast. Askari wenyewe, ambao wengi walikuwa wahamishwa waliotamani tu kurudi kwao, walimbeza kwa kumwita kuku. Taji lile la pikseli tatu lilitenganisha serikali mbili zilizodai kuwa Polandi halali, na nchi haikulirudisha kichwani mwa tai wake hadi mwanzoni mwa mwaka 1990. Msomaji wa Kipolandi akimwona askari wa Anders na tai asiye na taji, haoni kosa dogo la mchoraji. Anaona babu yake akivishwa nembo ya watu waliomfunga.

Warsaw ya mwaka 1944 inageuza tatizo zima. Jeshi la Nyumbani, jeshi la siri la Wapolandi waliowapinga Wajerumani, lilipoanzisha uasi tarehe 1 Agosti, wapiganaji wake hawakuwa na sare. Mwanzoni mwa mapigano waliteka maghala ya Wajerumani ya mtaa wa Stawki, na vikosi kama Zośka vikaibuka vikiwa vimevaa makoti ya madoadoa ya SS na kofia za chuma za Kijerumani. Kilichowatofautisha na adui aliyekuwa ng'ambo ya barabara kilikuwa kitambaa cheupe na chekundu kilichofungwa mkononi, na wakati mwingine mstari wa rangi hizo uliopakwa kwenye kofia. Hapa mbunifu asione haya kukikuza kitambaa kidogo kupita kipimo chake halisi, kwa sababu mpiganaji wa kweli naye alikitegemea kitambaa hicho asipigwe risasi na wenzake. Silaha ziwe chache na za mseto, pamoja na Błyskawica, bastola-rashasha iliyotengenezwa kwa siri ndani ya mji wenyewe, takriban 700 kwa jumla.

Rangi hizi zote tunazijuaje, ilhali picha nyingi ni nyeusi na nyeupe? Filamu za aina ya zamani hazikuhisi rangi nyekundu, hivyo nusu nyekundu ya bendera hutokea nyeusi. Filamu nyingine za wakati huo huo ziliihisi, na nusu ile ile ikawa kijivu. Picha zinazopakwa rangi siku hizi na kompyuta hubuni kaki kutokana na picha nyingine zilizobuniwa, na sishauri mtu yeyote azitegemee. Kitambaa chenyewe ndicho shahidi, kwenye Jumba la Makumbusho la Jeshi la Polandi mjini Warsaw au Taasisi ya Polandi na Makumbusho ya Sikorski mjini London, na mahali pa kutazama ni chini ya kola na ndani ya mifuko, ambako jua halikufika. Baada ya hapo rangi ijaribiwe juu ya ardhi ya mchezo, kwa maana kaki iliyo sahihi kwenye karatasi nyeupe yaweza kuzama kabisa juu ya mabua makavu ya shamba lililovunwa, mandhari ya kweli ya Septemba ile. Ikizama, iangaziwe ardhi au kivuli cha askari kabla ya kuigusa sare.

Limebaki jambo moja la kiufundi. Ili kuokoa kazi, wachoraji huchora nusu ya mwili na kuigeuza kama kwenye kioo, au huchora askari anayetazama kulia na kumpindua atazame kushoto. Kwa majeshi mengi hakuna anayegundua. Lakini Maczek, aliyefika Normandy mwaka 1944 akiwa jenerali wa Divisheni ya 1 ya Deraya, aliwavisha watu wake epuleti nyeusi kwenye bega la kushoto peke yake, kwa ukumbusho wa makoti ya ngozi ya Brigedi Nyeusi. Kila askari wake anayepinduliwa huvaa kumbukumbu hiyo kwenye bega la kulia, na neno POLAND husomeka kinyumenyume. Mabega ya divisheni hiyo yachorwe mawili, kila moja kwa mkono.